Kikombe cha Mama Mkwe

Akina mama wenzangu, Desemba iliyopita nilipanda milima ya Usambara kwenda Lushoto, nyumbani kwa wakwe zangu, kwa ajili ya kipaimara cha binti wa wifi yangu. Nilifunga mizigo kama mama yeyote anayekwenda ukweni: khanga doti mbili za zawadi, dagaa wakavu, nazi kumi za kupikia wali, na chini kabisa ya begi, nimeiviringisha ndani ya taulo, mizani ndogo ya jikoni inayotumia betri. Mume wangu aliiona akacheka. Akaniuliza kama nakwenda kupika au kufungua kliniki.

Tuliondoka Tanga alfajiri. Basi lilipita Muheza, Segera na Korogwe, na tulipofika Mombo jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Hapo ndipo barabara ya Lushoto inapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Ukifika Soni unaona maporomoko ya maji kando ya barabara, na hewa inabadilika. Waliokuwa wakijipepea kwa magazeti wanaanza kutafuta sweta. Lushoto yenyewe iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400 juu ya bahari. Wajerumani walipokuja huku waliipenda baridi hiyo, wakauita mji huo Wilhelmstal. Sisi watu wa pwani tunauita mji wa kulalia blanketi mbili.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Tulimwamkia, akatuitikia, akatushika mikono mmoja mmoja. Kisha akanipeleka moja kwa moja jikoni, maana shughuli ilikuwa Jumapili na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kwenye msumari ukutani kilining'inia kikombe chake. Mume wangu anakikumbuka tangu akiwa mtoto wa shule: kikombe kikubwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, rangi imebanduka hapa na pale. Kikombe hicho ndicho kipimo cha nyumba ile. Unga wa ugali hupimwa kwa hicho, mchele kwa hicho, maharage kwa hicho. Wakwe zangu wote wamelishwa kwa kikombe kile.

KEKI ILIYOGEUKA TOFALI

Kazi yangu ilikuwa keki. Nilikuwa na maelekezo niliyoyanakili kutoka kitabu cha mapishi cha Kimarekani: unga wa ngano vikombe 3, sukari kikombe kimoja na nusu, siagi gramu 250, mayai 4, maziwa kikombe 1, na bekingi pauda vijiko 3 vya chai. Nyumbani kwangu nimeioka mara nyingi. Lakini kikombe changu nilikisahau Tanga, na mizani ilikuwa bado ndani ya begi chumbani. Wifi yangu akaniambia, "Wifi, si kikombe hicho hapo? Kikombe ni kikombe."

Nikakichukua. Nikakizamisha kwenye mfuko wa unga, nikakigonga-gonga, nikashindilia kwa kiganja kama nilivyomwona mama akifanya. Vikombe vitatu. Sukari nikapima kwa kikombe hichohicho. Maziwa nikapima kwa jagi la plastiki lenye mistari. Siagi, mayai na bekingi pauda nikaweka kama ilivyoandikwa. Mchanganyiko ukawa mzito hadi mwiko ukasimama wenyewe. Nilipaswa kusimama pale pale na kujiuliza, lakini watu walikuwa wengi jikoni, nikaona haya. Tukaoka kwa mkaa, moto kidogo chini na moto mwingi juu ya mfuniko. Kilichotoka kilikuwa kigumu, kimepasuka katikati, na kinakwama kooni. Watoto walikila kwa adabu. Mayai manne, siagi nzima na mkaa wa jioni nzima vilikwenda na keki ile.

Usiku nilitoa mizani. Niliweka kikombe cha mama juu yake, nikabonyeza isome sifuri, nikakijaza maji hadi ukingoni. Ikasoma gramu 340. Hapo siri ikafunguka.

Mama mwenzangu, likumbuke jambo hili, maana ndilo ufunguo wa mambo yote ya vipimo: mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Kwa hiyo ukipima maji ya chombo chochote kwa mizani, umejua ujazo wake hata kama hakina mstari wala maandishi. Kikombe cha mama kilikuwa cha mililita 340. Kikombe cha vitabu vya Kimarekani ni kama mililita 240. Vitabu vingi vya nchi zinazotumia lita huhesabu kikombe kuwa mililita 250, na vile vya zamani vya Kiingereza wakati mwingine hutumia kikombe cha mililita 284. Ni vikombe vitatu tofauti vyenye jina moja, na kile cha msumarini ni cha nne.

Sasa tazama kilichotokea. Vikombe 3 vya unga vya kitabu ni karibu gramu 375. Mimi, kwa kikombe kikubwa tena kwa kushindilia, nilitia kama gramu 615. Sukari ilitakiwa gramu 300, nikatia karibu 430. Lakini mayai yalibaki manne, siagi ileile, maziwa yaleyale, bekingi pauda ileile. Kama ningepima kila kitu kwa kikombe kimoja, pamoja na mayai na siagi, keki ingekuwa kubwa tu. Nilichofanya ni kukuza nusu ya mapishi na kuiacha nusu nyingine.

UJAZO SI UZITO

Asubuhi tuliketi barazani, mimi, wifi na mama. Mwanzoni mama hakupenda. Alisema kwa upole lakini kwa uthabiti, "Mwanangu, kikombe hiki kimelea watoto saba. Leo kinahukumiwa na betri?" Nikamwomba radhi. Nikamwambia kikombe hakina kosa, kosa ni langu niliyekitumia bila kukifahamu. Akatabasamu kidogo, akaniambia nipime basi, tuone.

Tulipima unga kwa njia mbili. Kwanza niliujaza kwa kijiko polepole, nikafuta juu kwa mgongo wa kisu: gramu 177. Kisha tukachota na kushindilia: gramu 205. Kikombe ni kilekile, unga ni uleule, na tofauti ni karibu gramu 30. Unga una hewa kati ya chembe zake. Ukiuchekecha hewa inaongezeka, ukiushindilia hewa inatoka. Mizani haidanganywi na hewa, lakini kikombe hudanganyika.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na walitofautisha kibaba cha tele, kilichojaa hadi kufanya kilima, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu. Mkikopeshana kwa tele, mrudishe kwa tele. Hata sokoni Lushoto, tulipokwenda Ijumaa, mambo ni hayo hayo. Kabichi na karoti huuzwa kwa fungu, maharage na mahindi kwa sado au debe, plamu na peasi kwa ndoo ndogo. Nilimwona muuzaji mmoja akipima maharage, akajaza sado hadi ikafanya kilima, akaongeza konzi moja ya nyongeza juu. Kwa jirani yake sado ilikuwa na kitako kilichobonyea kwa ndani. Bei ilikuwa moja, maharage hayakuwa sawa. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa nchini kwetu mwaka 2002, umekuwa ukihimiza mizani na kuyapiga vita magunia ya lumbesa. Na msomaji wa Biblia anajua kwamba mizani na vipimo vya haki vimetajwa tangu Kitabu cha Walawi, sura ya 19.

Haya ndiyo tuliyoyaandika kwenye daftari la wifi, kwa kikombe cha mililita 250 kilichofutwa juu. Ni makadirio, kwa sababu unga na nafaka hutofautiana, lakini yatakufaa:

Maji, gramu 250.
Maziwa, gramu 260 hivi.
Mafuta ya kupikia, gramu 230.
Unga wa ngano usioshindiliwa, gramu 130.
Sukari, gramu 210.
Mchele, gramu 205.
Maharage makavu, gramu 195.
Asali, gramu 355.

Na kwa kijiko cha chai cha mililita 5, kilichofutwa: sukari gramu 4, chumvi gramu 6. Tazama asali na unga. Vyote ni kikombe kimoja, lakini kimoja kina uzito karibu mara tatu ya kingine. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kikombe ni robo kilo. Kikombe cha maji, ndiyo. Kikombe cha unga, hapana.

Kama kikombe chako ni kikubwa au kidogo, fanya hivi. Pima maji yake kwa mizani. Gawanya kwa 250. Jibu lizidishe kwa uzito ulioandikwa hapo juu. Kikombe cha mama ni 340, ukigawanya kwa 250 unapata 1.36. Mchele gramu 205 mara 1.36 ni gramu 279. Tulipoupima wenyewe mizani ilisoma 280.

Hapo ndipo mama alipotushinda sote. Wageni walikuwa 60. Mimi nilipiga hesabu kwa kalamu: gramu 120 za mchele mkavu kwa kila mtu, jumla kilo 7 na gramu 200. Mama hakuwa na kalamu. Alisema, "Watu sitini ni vikombe ishirini na vitano." Tukazidisha: 25 mara 280 ni kilo 7 kamili. Tofauti yetu ilikuwa gramu 200! Wifi alipiga vigelegele. Nami nilijifunza kwamba mikono ya mama imepima kwa miaka mingi, na mizani yangu ilikuja tu kushuhudia. Keki ya pili tulioka Jumamosi, unga gramu 375 na sukari gramu 300, ikaumuka vizuri.

KIJIKO KILICHOPOTEA

Ningependa kuishia hapo kwa furaha, lakini ningekuwa nimewaficha jambo kubwa la safari ile.

Nyumba ya tatu kutoka kwa mama anaishi bibi mmoja anayemlea mjukuu wa miezi minne. Mama wa mtoto alifariki siku chache baada ya kujifungua. Alhamisi nilipita kumpa pole, nikambeba mtoto, nikamrudisha. Ijumaa nilipita tena kuazima sufuria kubwa. Mara zote mbili nilimwona mtoto ni mdogo, analia kilio chembamba, na mara zote mbili akili yangu ilikuwa kwenye keki. Mimi ni muuguzi kwa zaidi ya miaka 20. Nayasema haya bila kujitetea.

Jumamosi jioni bibi alikuja kutusaidia kuchambua mchele, mtoto mgongoni. Aliponiona napima bekingi pauda alisema, kama mzaha, "Mwanangu, mbona kijiko kinakupa taabu hivyo? Mimi cha maziwa ya huyu kilipotea zamani, natumia cha chai."

Mikono yangu ilisimama. Nikamwomba anionyeshe kopo, kijiko, chupa na kadi ya kliniki. Kopo lile la maziwa ya unga ya watoto lilielekeza kijiko kimoja cha kopo, kilichofutwa, gramu 4.5, kwa kila mililita 30 za maji. Bibi alikuwa akitia kijiko kimoja cha chai kwa maji yaleyale. Kijiko kimoja ni chepesi mno kwa mizani ya jikoni, inaweza kukosea, kwa hiyo nilipima vijiko kumi kwa pamoja, kisha nikagawanya. Vijiko kumi vya chai, gramu 23. Yaani kila kimoja gramu 2.3 tu, nusu ya kinachotakiwa. Mtoto alikuwa akishiba maji. Kwenye kadi mstari wa uzito wake ulikuwa umelala kwa miezi miwili.

Bibi aliketi chini. Alisema, "Nilikuwa nafurahi kopo linakaa siku sita. Nilimshukuru Mungu linakaa." Sikuwa na neno la kumjibu. Mama mkwe alimshika bega, wakakaa hivyo.

Usiku ule tulipima kwa uzito: gramu 27 za maziwa kwa mililita 180 za maji yaliyochemshwa na ambayo bado yana moto, kisha tukayapoza hadi joto la kumfaa mtoto. Ni sawa na vijiko sita vya kopo. Jumatatu asubuhi, kabla ya safari yangu, mimi na wifi tulimpeleka bibi na mtoto kliniki. Muuguzi wa zamu alimpima vizuri, akampangia ratiba ya kurudi kila wiki, akatufundisha sote upya. Tulinunua kopo jipya, na kijiko chake nikakifunga kwa uzi kwenye kopo lenyewe ili kisipotee tena.

Lakini hesabu iliyo sahihi ilituletea ukweli mwingine. Mtoto wa umri ule akinywa chupa tano za mililita 180 kwa siku, anatumia gramu 135. Kopo la gramu 400 haliwezi kukaa siku sita. Linakwisha siku ya tatu. Bibi anaishi kwa kuuza mboga. Kijiko sahihi bila fedha ya kopo la pili kingekuwa mzigo tu juu ya mzigo. Mama mkwe ndiye aliyelisema hilo mbele ya akina mama wa umoja wao, baada ya ibada, kabla sufuria za sherehe hazijaoshwa. Walikubaliana kuchangia makopo kwa zamu hadi mtoto atakapofikisha miezi sita na kuanza kula uji na vyakula vingine pamoja na maziwa, kisha watazame tena. Fungu la kwanza lilitolewa palepale.

Akina mama, kwa mtoto ambaye mama yake yupo, maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza hayahitaji kijiko wala mizani. Lakini ukimkuta anayelelewa kwa kopo, uliza mambo haya. Kijiko kinachotumika ni cha kopo hilohilo? Usichukue cha kopo la aina nyingine, maana uzito wake hutofautiana. Kimefutwa juu, au kimejazwa kilima? Maji yanatangulia kupimwa kwenye chupa, kama maelekezo yanavyosema? Maziwa mepesi humnyima mtoto chakula. Maziwa mazito kupita kiasi nayo humdhuru, huchosha figo zake na kumkausha maji mwilini. Na mstari wa kadi ukilala, mpeleke kliniki, usisubiri.

Wifi alinipigia simu mwishoni mwa Januari. Mstari wa kadi umeanza kupanda, na mtoto sasa analia kwa sauti inayosikika hadi kwa mama. Mizani niliiacha kule. Mama ameigongomea msumari wake, kando ya kikombe. Kwenye kikombe, wifi amechora mistari mitatu kwa rangi ya kucha, kwa nje asije akala rangi mtu, aliponieleza nikacheka sana. Mmoja ni wa unga, mmoja wa sukari, mmoja wa maji ya mililita 250. Mama ananisalimu, na anasema mchele hauhitaji mstari.